Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Hewa ya Darini katika Nyumba za Bati

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenye nyumba, wapangaji na mafundi wa mwambao, kuanzia Mtwara hadi Mombasa na Malindi, ambako nyumba nyingi zinazojengwa leo ni za matofali ya saruji, zimeezekwa bati na kupigwa dari la jipsamu au la mbao. Swali moja linahusu nyanda za juu, kwa kuwa huko hewa ya darini ina kazi nyingine kabisa.

Tukisema "darini" tunamaanisha wapi?

Tunamaanisha nafasi iliyo juu ya dari na chini ya bati, ambamo kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, zimesimama na nyaya za umeme zimepita. Mwenye nyumba huiona siku ya kuezeka na siku bati linapovuja, na katikati ya siku hizo mbili huisahau, ingawa kila usiku analala chini yake.

Kwa nini chumba huendelea kuwa cha moto hadi usiku wa manane ilhali nje upepo unavuma?

Kwa sababu joto linalokusumbua saa sita usiku liliingia mchana. Mwezi wa Februari, hewa ya Dar es Salaam saa nane mchana huwa na nyuzi 32 hivi za Selsiasi, lakini bati la rangi nzito lililo juani saa hiyo hupita nyuzi 60. Bati ni jembamba na haliwezi kuhifadhi joto. Kila linalopokea hulitoa, sehemu likilirudisha angani na sehemu likilishusha ndani. Joto linaloshuka halisubiri kubebwa na hewa. Hutoka kwenye tumbo la bati kama mionzi, vivyo hivyo kama unavyohisi jiko la mkaa usoni ukiwa umelikalia mbali kidogo, na mionzi hiyo hutua juu ya dari na kulipasha.

Dari likishapashwa hufanya mambo mawili kwa pamoja. Upande wa juu huipasha hewa ya darini, na hewa hiyo isipokuwa na pa kutokea hukaa palepale ikizidi kuwa moto kila saa. Upande wa chini dari lenyewe hugeuka kuwa kama bati la pili, likimmulikia joto aliye chumbani, na ndiyo maana mtu husema kichwa kinamwaka ingawa feni inazunguka. Jua likizama bati hupoa kwa muda mfupi, lakini dari, kuta za matofali, makabati na godoro vimekwisha kulimbikiza joto la muda wa saa kumi, navyo hulitoa polepole hadi usiku wa manane. Upepo wa nje haulifikii joto hilo kama madirisha ni madogo, na haufiki darini kabisa kama penu zote zimezibwa kwa mbao.

Faida ya kwanza ya hewa ya darini ni hiyo: kuondoa mchana, saa kwa saa, joto ambalo lingelimbikizwa kwa ajili ya usiku.

Je, nikifungua matundu darini nyumba itapoa?

Itapungua joto, lakini haitapoa kiasi ambacho baadhi ya mafundi huahidi, na ni haki ya mwenye nyumba kuambiwa hivyo kabla hajalipa. Hewa inayopita darini huondoa joto lililoko hewani. Haiwezi kuizuia mionzi inayotoka kwenye bati kwenda kwenye dari, kwa kuwa mionzi hupita katika hewa bila kuijali. Mionzi huzuiwa kwa kitu cha kuirudisha, na kilicho rahisi zaidi ni karatasi ya alumini inayotandikwa chini ya papi, yaani mbao ambazo bati hupigiliwa, au juu ya kenchi kabla bati halijapigwa. Uso safi wa alumini hurudisha takriban asilimia 95 ya mionzi ya joto inayoufikia. Sharti lake ni kwamba uso huo uelekee nafasi yenye hewa, angalau milimita 25, wala usigandamane na bati, maana alumini inayogusana na bati hupokea joto moja kwa moja kama sufuria inavyopokea kutoka kwenye jiko. Ni vizuri pia uso unaong'aa uelekee chini, kwa sababu ukielekea juu vumbi huufunika baada ya miaka michache na kuumaliza nguvu.

Rangi ya bati nayo ina uzito wake. Bati jeupe au la rangi ya krimu hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto, wakati bati la kijivu cha makaa au la udongo mweusi, ambalo ndilo linalopendwa sasa, hulimeza. Kama nyumba bado haijaezekwa na fedha inatosha jambo moja tu, ushauri wangu ni kuchagua bati la rangi nyepesi. Likiwezekana la pili, karatasi ya alumini. Na matundu ya hewa yawepo kwa vyovyote, kwa kuwa yakipangwa mapema hayagharimu karibu chochote, na bila hayo hayo mengine mawili hufanya kazi nusu.

Mbona nyumba za wazee wetu hazikuwa na matundu ya darini na watu walilala vizuri?

Hazikuwa na matundu kwa sababu paa zima lilikuwa tundu. Makuti hupitisha hewa kila mahali yalipofungwa, na hayapokei joto na kulirusha chini kama bati. Katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi ulipasua nyumba kutoka mlango wa mbele hadi uani, na mara nyingi kuta za vyumba ziliishia usawa wa upenu bila kufika paani, hivyo hewa ya moto ilipanda juu ya vyumba vyote na kutafuta njia yake. Sauti nazo zilipita, na wapangaji walijua kuishi hivyo.

Bati lilipoingia mahali pa makuti, joto liliongezeka lakini pengo kati ya ukuta na paa lilibaki. Kilicholiziba kabisa ni dari, pamoja na mtindo wa kuziba upenu kwa mbao au jipsamu ili nyumba ionekane safi kwa nje. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri: makuti huungua na kuoza, pengo la upenu huleta mbu, dari huzuia vumbi na kelele za mvua. Tulichoacha kufanya ni kuirudishia nyumba ile pumzi iliyokuwa ikiipata bila kuomba.

Matundu yawekwe wapi?

Yawekwe chini na juu. Hili ndilo jambo linalokosewa kuliko yote. Hewa ya moto ni nyepesi na hupanda hadi kwenye mgongo wa paa. Ikipata pa kutokea pale juu, huvuta hewa ya nje iingie kupitia upenu, na mwendo huo huendelea wenyewe maadamu jua linawaka, hata siku isiyo na upepo. Ukiweka matundu ya upenuni peke yake, hewa ya moto iliyo juu yake haina sababu ya kushuka ili itoke, kwa hiyo unabaki kutegemea upepo uingie upande mmoja na kutokea wa pili. Ukiweka ya juu peke yake, hewa haina pa kuingilia ila kwenye nyufa za dari, na hapo paa huanza kuvuta hewa kutoka vyumbani, jambo ambalo mwenye kiyoyozi atalilipia kwenye umeme.

Matundu ya chini hukaa chini ya upenu, kwenye mbao au jipsamu iliyoziba sehemu hiyo. Ya juu hutegemea umbo la paa. Nyumba yenye gebo, yaani ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi mgongoni, ina bahati, kwa sababu luva moja, yaani tundu lenye mabamba yaliyoinama, ya kutosha karibu na kilele cha kila gebo inamaliza kazi. Paa la migongo minne halina gebo, na hapo njia ya kutokea ni chini ya kofia ya mgongo, yaani bati linalofunika kilele. Bati lolote la migongo, liwe la kawaida au la msauzi, huacha vijia vidogo chini ya kofia. Fundi asivijaze saruji wala sponji, bali aiinue kofia kidogo kwa vipande vya mbao, aweke wavu pembeni, na kuirefusha pande zote mbili ili mvua isirudi ndani.

Mwelekeo pia una maana katika mwambao wetu, kwa kuwa pepo zetu zina ratiba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi, yaani katika miezi ya joto kali, na kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba. Matundu ya upenuni yawepo pande zote, lakini upande unaopokea kaskazi usibanwe kwa sababu yoyote, ukiwemo uzuri.

Matundu yawe na ukubwa gani?

Kipimo kinachotumika sana duniani kimetoka Marekani: eneo huru la matundu liwe sehemu moja ya 150 ya eneo la dari, na linaweza kupunguzwa hadi sehemu moja ya 300 iwapo matundu yamegawanywa vizuri kati ya juu na chini. Kipimo cha moja kwa 300 kiliingia katika viwango vya Mamlaka ya Shirikisho ya Nyumba ya nchi hiyo mwaka 1942, na kiliwekwa kwa ajili ya unyevu wa majira ya baridi, si kwa ajili ya joto. Kwa hiyo mtu wa Tanga au Kilifi asikichukue kama kikomo cha juu. Kwa mwambao, mimi hupendekeza moja kwa 150 kama mahali pa kuanzia.

Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 12. Dari lina mita za mraba 120. Ukigawanya kwa 150 unapata mita za mraba 0.8, nusu yake, yaani 0.4, ikae upenuni na nusu iliyobaki ikae juu. Neno "huru" lisisahaulike. Wavu wa mbu peke yake huziba theluthi ya tundu au zaidi, na ukishika vumbi na utando wa buibui huziba zaidi ya hapo, kwa hiyo ni busara kuzidisha mara mbili na kukata mita za mraba 0.8 upenuni. Hesabu hiyo inatisha mpaka uigawe kwa mzunguko wa nyumba, ambao ni mita 44: inatosha kuacha mwanya mwembamba wa sentimita mbili hivi kuizunguka nyumba yote, ukiwa umefunikwa wavu. Mwanya kama huo hauonekani na mtu aliyesimama uani.

Wengine hupenda matundu ya duara yaliyokatwa kwa kipimo cha bomba la inchi nne. Tundu moja la namna hiyo lina mita za mraba 0.008 hivi kabla ya wavu. Matundu sita au manane ambayo mafundi wengi hutoboa, mawili kila upande, hayafiki hata sehemu moja ya kumi ya yanayohitajika katika mfano wetu. Mtu akikuambia kwamba aliweka matundu na hakuona tofauti yoyote, mwulize alitoboa mangapi.

Jambo moja la kuongeza kwa wanaopenda kuelewa sababu. Mwendo wa hewa inayopanda huongezeka sawasawa na ukubwa wa tundu, lakini kimo kinaongeza kidogo: ukiongeza urefu kati ya tundu la chini na la juu mara mbili, hewa huongezeka kwa asilimia 40 tu hivi. Mapaa yetu mengi si marefu. Tunachoweza kukitengeneza kwa gharama ndogo ni upana wa njia.

Nyumba yangu ni ya kisasa, bati limefichwa nyuma ya ukuta na haina upenu. Nifanyeje?

Swali hili limeanza kuulizwa sana, na ni vema liulizwe wakati ramani bado iko mezani. Katika nyumba hizi ukuta wa nje hupanda kupita usawa wa paa na kulificha, bati hulazwa kwa mteremko mdogo likielekea kwenye mfereji wa ndani, na nafasi ya darini huwa nyembamba, pengine isiyozidi nusu mita upande wa chini. Hakuna upenu wa kuingizia hewa, hakuna mgongo wa kutolea, na hakuna kivuli juu ya kuta wala madirisha. Zote hizo ni hasara za joto, na zinajumlishwa katika nyumba moja.

Dawa yake ipo. Ukuta unaoficha paa uachiwe matundu usawa wa darini, yaani juu ya lenta (boriti ya zege iliyo juu ya madirisha) na chini ya mstari wa bati, kwenye pande mbili zinazotazamana. Matofali ya matundu yanafaa sana hapa, na mchoraji mwenye jicho anaweza kuyapanga yawe pambo la nyumba. Kwa kuwa bati lina mteremko wa upande mmoja, matundu ya upande wa chini ndiyo ya kuingizia na ya upande wa juu ndiyo ya kutolea, mradi yale ya juu yawe karibu na kilele kadiri inavyowezekana. Ukuta wa upande wa kilele ukiwa umelifunika bati kwa kimo kirefu, hewa itatoka na kunaswa kati ya ukuta na bati isipokuwa matundu yametoboka hadi nje. Hakikisha basi yanatoboka hadi nje. Katika nyumba za aina hii karatasi ya alumini si ya hiari, kwa sababu bati liko karibu mno na dari.

Mfereji wa ndani wenyewe ukiziba, maji hufurika darini. Hewa nzuri haiwezi kuponya mfereji mbovu, ila husaidia mbao zikauke kabla hazijaoza.

Sisi tunaishi nyanda za juu, kwetu shida ni baridi. Hewa ya darini ya nini?

Njombe, Makete, Lushoto, Limuru na Kericho hawaulizi habari za joto. Wanauliza kwa nini dari lina madoa ya kahawia ilhali bati halivuji. Usiku usio na mawingu, hasa kati ya Juni na Agosti, bati hupoteza joto lake angani na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hewa yenye mvuke ikiligusa kwa chini, mvuke hugeuka umande, umande huwa matone, na matone hudondokea dari alfajiri jua linapoanza kulipasha bati. Mwenye nyumba humwita fundi apande kutafuta tundu, fundi anapaka lami kwenye kila msumari, na mwezi unaofuata madoa yanarudi.

Mvuke mwingi wa namna hiyo hutoka ndani ya nyumba yenyewe: chungu kinachochemka, nguo zinazokaushwa chumbani, maji ya moto ya kuoga, na pumzi za watu waliofunga madirisha kwa baridi. Hupanda kupitia nyufa za dari, matundu ya taa na mlango wa kupandia darini. Kwa hiyo tiba ina sehemu mbili zinazokwenda pamoja, kwanza kuziba nyufa za dari ili mvuke usipande, na pili kuacha matundu ya upenuni na mgongoni ili ule uliopanda utoke kabla haujagusa bati. Usiku wa umande mwingi hewa ya nje yenyewe ni mbichi, na matundu peke yake hayatazuia kila tone. Tabaka chini ya bati linalodaka matone na kuyaelekeza nje ya ukuta ni nyongeza ya maana.

Wengi huogopa kwamba matundu yataleta baridi. Hayataleta, ikiwa dari limezibwa vizuri na kutandikwa kizuia joto juu yake, kwa kuwa hewa baridi itapita juu ya kizuizi hicho bila kuingia chumbani. Kizuia joto kisisukumwe hadi kuziba upenu. Kiachiwe nafasi ya sentimita mbili na nusu kati yake na bati.

Umande ukiachwa miaka mingi hula kenchi. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu, na mbao iliyo chini ya asilimia 20 ya unyevu kwa kawaida hawaiwezi. Msindano wetu, ambao ndio mbao ya kenchi nyingi siku hizi, hauna ukinzani wa mninga wala wa mvule, na hata ukiwa umetiwa dawa, sehemu zilizokatwa baada ya kutiwa dawa hubaki wazi. Misumari nayo hupata kutu na kuacha kushika.

Si nitakuwa nimewafungulia mbu mlango?

Hofu hii ni ya kweli na isipuuzwe. Mbu aina ya Anopheles gambiae, mwenezaji mkubwa wa malaria, hupenda sana kuingia nyumbani kupitia pengo la kati ya ukuta na paa. Hufika ukutani, hupanda akifuata harufu ya watu, na upenu humpokea. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuweka nyavu katika nyumba nzima, au hata dari la wavu peke yake, kulipunguza kwa takriban nusu idadi ya mbu walioingia, na upungufu wa damu ulipungua miongoni mwa watoto wa nyumba hizo. Kufungua upenu bila wavu kwa ajili ya ubaridi ni kubadilisha usingizi mbaya kwa ugonjwa.

Kila tundu basi liwe na wavu, na uwe wa alumini au wa nyuzi za plastiki ngumu, kwa kuwa wavu wa chuma cha kawaida hauvumilii chumvi ya bahari. Ubanwe kwa fremu ya mbao inayoweza kufunguliwa, ili usuguliwe vumbi mara moja au mbili kwa mwaka. Popo na panya wanahitaji kitu kigumu zaidi: wavu wa mbu huwashinda mbu lakini panya huutafuna, kwa hiyo nyuma yake ukae wavu mgumu wa matundu ya milimita sita hivi.

Nyumba ambayo tayari ina popo isizibwe mchana. Wasubiri watoke jioni, na uhakikishe hakuna vitoto vilivyobaki, maana vikifia ndani harufu yake haitavumilika. Kinyesi kikavu cha popo kinyunyiziwe maji kabla ya kuzolewa, na anayezoa avae barakoa, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu.

Mvua ya masika haitaingia? Na upepo mkali hautaling'oa paa?

Tundu lililo chini ya upenu limekingwa na upenu wenyewe, na hatari huwa ndogo. Luva za gebo ndizo za kuangaliwa: mabamba yake yainame vya kutosha, na upande unaotazama kusini uongezewe kofia ndogo, kwa kuwa mvua za masika mara nyingi huja zikisukumwa kutoka huko.

Kuhusu upepo, paa hung'oka kwa sababu halikufungwa, na upepo ukiingia ndani huongeza nguvu ya kulisukuma juu. Matundu madogo yaliyosambazwa pande zote husaidia mgandamizo usilimbikizane upande mmoja, tofauti na dirisha lililopasuka upande wa upepo. Hata hivyo kimbunga Hidaya kilichofika Mafia na pwani ya kusini ya Tanzania Mei 2024 kilitukumbusha kwamba hatuishi nje ya njia ya vimbunga. Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa mikanda ya chuma au nondo zilizolazwa ndani ya zege, na bati lishikwe kwa skrubu zenye mpira badala ya misumari peke yake.

Je, kuna uhusiano kati ya joto la darini na umeme?

Upo, na ni wa usalama kabla ya kuwa wa gharama. Waya wa kawaida wenye ganda la PVC umepewa uwezo wake wa ampea kwa kudhani kwamba hewa inayouzunguka ina nyuzi 30. Hewa ikifika nyuzi 50, waya huohuo unaruhusiwa kubeba asilimia 71 tu ya uwezo wake, na kwa nyuzi 60 asilimia 50. Fundi aliyechagua waya wa kiyoyozi kwa kuangalia jedwali la nyuzi 30, kisha akaupitisha darini chini ya bati lisilo na hewa, ameuzidishia mzigo bila kujua. Ganda hukauka, hupasuka kwenye viungo, na hapo ndipo moto huanzia. Hewa ya darini inaupunguzia waya joto, lakini isiwe sababu ya kununua waya mwembamba.

Kwa upande wa gharama, chumba chenye kiyoyozi kilicho chini ya dari la moto hakitulii. Kompresa huzunguka muda mrefu zaidi, na wenye kununua umeme kwa LUKU, yaani mita ya kulipia kabla, huona yuniti zikipukutika mchana kuliko usiku.

Zile feni zinazozunguka juu ya paa zinafaa?

Zile za kuzungushwa na upepo, zinazoonekana kwenye maghala, zinafaa mahali palipo na upepo wa kudumu na matundu ya kutosha ya kuingizia hewa chini. Kwa nyumba ya kawaida mgongo ulio wazi chini ya kofia hufanya kazi hiyohiyo bila kitu cha kuharibika. Feni ya umeme au ya sola inayonyonya hewa kutoka darini iwekwe tu baada ya nyufa za dari kuzibwa; la sivyo itanyonya hewa ya vyumbani.

Feni ya bafuni inaweza kutolea hewa yake darini?

Haiwezi. Itoe nje kabisa kwa bomba linalopita ukutani au kwenye paa. Vivyo hivyo kwa moshi wa jikoni, uwe wa gesi au wa mkaa.

Mimi ni mpangaji na siruhusiwi kutoboa. Naweza kufanya nini?

Muombe mwenye nyumba akuruhusu kubadilisha vipande vichache vya mbao za upenuni kwa fremu za wavu, jambo ambalo haligusi paa wala ukuta na linaweza kurudishwa kama lilivyokuwa. Akikubali, anza na upande wa kaskazi na upande unaoutazama. Asipokubali, ziba nyufa za dari kuzunguka taa na pembeni ya ukuta, funga madirisha ya upande wa jua mchana, na uyafungue yote jioni hewa ya nje ikishapoa kuliko ya ndani.

Nyumba imekwisha kujengwa. Nianze wapi?

Anza kwa kupanda darini asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, ukiwa na tochi, huku ukikanyaga kenchi na si dari. Zima tochi kwa dakika moja. Mwanga wa nje ukionekana upenuni na mgongoni, njia ya hewa ipo na yahitaji kupanuliwa. Giza likiwa totoro, paa limezibwa. Washa tochi tena na utazame vichwa vya misumari kama vina kutu, mbao kama zina weusi wa kuvu, na upande wa juu wa dari kama una duara za maji yaliyokauka. Kisha rudi saa nane mchana, ufungue tu mlango wa kupandia na uinue mkono. Usiingie, kwa kuwa joto la humo saa hiyo linaweza kumwangusha mtu mzima. Tofauti utakayoihisi kati ya mkono na uso ndiyo unayotaka kuipunguza.

Kama nyumba ni ya zamani na imeezekwa kwa mabamba ya saruji ya kijivu yaliyowekwa miongo mingi iliyopita, huenda yana asbesto. Usiyatoboe, usiyakate wala usiyasugue, maana nyuzi zake zikivutwa pumzi huleta saratani ya mapafu na ya utando wake. Katika nyumba hiyo fungua hewa kupitia gebo na upenu pekee, na kazi ya kuyaondoa mabamba uwaachie waliofunzwa kuifanya.

Nyumba nyingine zote zinaweza kuanza na upenu wa upande mmoja siku ya Jumamosi, mgongo ukifuata kiangazi bati likiwa kavu.